Tangi la Kwanza

Bisibisi ililowa jasho la kiganja hata kabla injini haijawashwa. Fundi cherehani aliifuta kwenye gauni, akaitazama ile injini mpya, ndogo kuliko ngumi ya mtoto, iliyofungwa kwenye gari la rimoti lililopandishwa juu ya matofali mawili ili magurudumu yazunguke hewani. Kaka yake alikaa kwenye kigoda kando ya ukuta wa ua, sikio amelitega. Miezi saba sasa alikuwa haoni.

"Umeipasha moto?"

"Nimeipasha, kaka. Kwa mashine ya kukaushia nywele, mpaka haishikiki."

"Haya, vuta kamba. Injini mpya hailazimishwi, mdogo wangu. Tangi la kwanza inywe mafuta mpaka isaze, itoe moshi. Ikikohoa, iache ikohoe."

Maneno hayo aliyajua kwa moyo, kwa kuwa hii ilikuwa injini ya pili. Ya kwanza aliiua yeye, na hapana aliyejua ila yeye na Mungu wake. Cherehani ikirukaruka, mshonaji hukaza uzi; mkono wake ulizoea hivyo miaka ishirini. Siku ile injini ilipokohoa, akakaza skrubu ya mafuta robo mzunguko, mafuta yakapungua. Sauti ikanyooka, moshi ukakatika. "Moshi upo?" kaka akauliza. "Upo," akajibu, maana aliona haya kusema kwamba amegusa alichokatazwa. Dakika mbili baadaye injini ikakakamaa kwa ukavu. Kaka, fundi magari aliyeufahamu kila mlio wa chuma, alishinda akiwalaumu walioiunda.

Uongo ule ulikuwa mdogo. Uliomnyima raha ni ule mkubwa. Barua ya daktari wa macho aliisoma kwa sauti, akairuka mistari miwili ya mwisho, iliyosema kwamba macho hayatarudi. Kaka akasikia habari za dawa tu, akaagiza injini nyingine, ili siku akiona aikute tayari kwa mashindano ya magari ya rimoti. Akigundua kwamba macho aliyoazimwa yanamdanganya, atamwamini nani? Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imebakiza hatua chache.

Akavuta kamba. Mara ya tatu injini ikashika, ikakohoa, ikafuka moshi. Mkono ukatangulia akili, ukakaza skrubu kidogo, kama mtu anavyojikuna usingizini. Sauti ikanyooka.

"Moshi upo?"

Neno moja tu lingemwokoa, kama lilivyomwokoa mara ile. Aliiona shingo ya kaka yake ilivyonyooshwa mbele ikilingoja neno hilo, akaogopa kuliko alivyopata kuogopa maishani.

"Hakuna," akasema. "Nimekaza skrubu. Hata ile ya kwanza niliikaza. Ni mimi niliyeiua."

"Fungua. Robo mzunguko, kushoto."

Akafungua. Moshi ukarudi, ukamwingia machoni. Wakaisikiliza injini ikikohoa mpaka tangi likaisha, ikazimika yenyewe. Kaka akainuka, akaja akipapasa, akazungusha gurudumu la injini mpaka pistoni ikashuka chini kabisa, ili chuma kipoe bila kubanwa. Afadhali angemtukana.

"Siku ile nilisikia," alisema hatimaye. "Nilisikia sauti ikinyooka. Nikauliza, ukasema moshi upo. Nikajua masikio nayo yameanza kuniaga. Wiki nzima sikulala."

Hilo hakuwahi kulifikiria. Alitaka kuomba radhi, lakini neno lenyewe lilikuwa dogo mno, akalimeza.

"Kalete ile barua ya daktari," kaka akasema.

"Injini haijapoa, kaka. Na tangi la pili bado."

"Itapoa huku unasoma. Safari hii nisomee mpaka kwenye sahihi."

Akaingia ndani. Barua ilikuwa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Aliifungua, akaikunja, akaifungua tena, mafuta ya vidoleni yakiacha madoa kwenye karatasi. Alipotoka nayo alimkuta kaka amesimama, mkono mmoja ukutani, na kigoda chake amekwisha kumsogezea yeye akalie.