Hatua Kumi Koridoni

Mteja alikuwa amekivisha kidole gumba chake soksi nyekundu ya mtoto mchanga, na hata hapo ilimbana.

"Kazaliwa kabla ya siku zake," alisema. "Mjukuu wangu wa kwanza. Yuko hospitali, ghorofa ya tisa, na madaktari hawaahidi kitu. Goti hili haliwezi ngazi, mama. Sasa nimwambie nini? Babu yako kashindwa na sanduku la chuma?"

Alicheka peke yake. Mshauri nasaha aliyekaa mbele yake alijaribu kumsaidia kucheka, tabasamu likamfia mdomoni.

Kwa miaka mitatu alikuwa akimsikiliza mtu huyu, aliyewahi kukwama ndani ya lifti saa sita nzima na tangu hapo hakuingia tena. Kwa ajili yake alihamisha ofisi kutoka ghorofa ya nne hadi chumba hiki cha chini. Kila Alhamisi walizungumza: utoto, marehemu baba, namna ya kuvuta pumzi. Kila Alhamisi aliandika jaladani: anaendelea vizuri. Lifti yenyewe hawakuikaribia. Mwalimu aliyemfundisha ushauri alimkanya asitoneshe kidonda cha mteja, naye alilishika neno hilo miaka ishirini, kama mtu ashikavyo ukuta gizani.

Drooni mlikuwa na utafiti alioletewa na mwenzake wa chumba cha pili.

"Dada, soma tu," mwenzake alimsihi siku alipouleta. "Wanaosogezwa polepole kwenye kile wanachokiogopa, wengi hupata nafuu. Tena kwa miezi, si miaka."

"Karatasi haiwajui watu wangu," alimjibu, akaifunga droo kwa goti.

Lakini aliusoma. Mara mbili. Akiukubali, nani angemrudishia mzee huyu miaka yake mitatu? Na wale waliokalia kiti hiki kabla yake? Kuta zilimsogelea. Akatafuta pumzi aliyozoea kuwafundisha wengine, asiipate.

"Inuka, baba."

"Twende wapi?"

"Hapo nje tu. Tusimame mlangoni pa lifti. Hatuingii mpaka useme wewe."

Zilikuwa hatua kumi. Mzee alizihesabu kwa sauti.

"Siku zote lifti ilikuwa hapa," alisema. "Mbona hukunileta mapema?"

"Sikujua kama ingesaidia." Kisha, kwa kuwa huo haukuwa ukweli wote: "Nilikataa kujua."

Mzee aliugeukia mlango. Mshauri alibonyeza kitufe. Mlango ukafunguka, ndani mlikuwa na taa nyeupe na kioo, na ndani ya kioo, wao wawili. Hakuna aliyeinua mguu. Mlango ukajifunga.

Mzee aliikunja soksi kiganjani.

"Bonyeza tena," alisema.