Shahidi Aliyekunywa Fanta

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Alhamisi, tarehe 14 Juni 2012, Kassimu alishuka kwenye pikipiki mbele ya ofisi ya wazee wa kilima cha Nyarusange akiwa na daftari moja, futi moja ya kupimia nguo na kiatu kimoja kilicholowa. Ilikuwa mara ya tatu kuja kutoa ushahidi. Mara ya kwanza mwenyekiti wa wazee alikuwa msibani. Mara ya pili wazee walikuwepo wote, ila karani hakuwa na muhuri. Kila mara Kassimu alitoka Muyinga siku moja kabla, akalala kwa dada yake Hidaya mtaa wa Nyamugari, mjini Gitega, na kila mara sare za wanafunzi thelathini na wawili zilibaki mezani kwake bila mikono.

"Shikamoo, baba Kassimu," alisema Lucia.

"Marahaba, binti yangu. Leo muhuri iko?"

"Muhuri upo. Wino ndio sijui."

Lucia alikuwa kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono, chini ya ngazi ambazo hakuna aliyefikiria kuziwekea mteremko. Miguu yake ilipooza akiwa na miaka minne, katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Sasa alikuwa na thelathini na minne. Baba yake, mzee Nazario, alifariki mwezi Machi.

Kwa desturi ya kilima kile, binti harithi shamba la baba. Lakini baba akiwa hai anaweza kumpa binti kipande cha ardhi mbele ya mashahidi, na mashahidi hunywa pombe ya ndizi kutoka mtungi mmoja. Nazario alifanya hivyo tarehe 7 Februari 2009. Mashahidi walikuwa wanaume wanne, na wa tano Kassimu, ambaye siku hizo alikuwa fundi wa Nyamugari na kila Jumamosi alileta cherehani yake sokoni Nyarusange. Kati ya wale wanne, wawili wamekufa. Wa tatu amerudi Tanzania. Wa nne, Urbano, alikunywa vizuri kiasi kwamba alichokumbuka ni mtungi tu. Akabaki Kassimu. Bila ushahidi wake kipande kingekwenda kwa Adriano, mtoto wa ndugu yake Nazario, ambaye tayari alikuwa amemwonyesha Lucia mahali atakapolala: kibanda cha jiko, nyuma ya nyumba yake.

Wazee watano walikaa kwenye benchi barazani. Gervasi, mwenyekiti, alikuwa dereva wa lori miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani.

"Kassimu, siku ile we ulikuwa pale?"

"Nilikuwa pale. Mi ndiye nilipima shamba. Iko kwa kaye."

Akainua daftari, akalifungua. Ukurasa ulikuwa na vipimo vya blauzi, kisha vya koti, kisha mstari mmoja: *Shamba la Lucia, futi 26 kwa 40.* Kamba ya kupimia haikupatikana siku ile, kwa hiyo Nazario alimwomba fundi atumie alichonacho. Futi ya fundi ina sentimita mia moja na hamsini. Kassimu alitambaa kwenye maharage tangu adhuhuri hadi karibu na alasiri.

"Vizuri," alisema Gervasi. "Na ulikunywa?"

"Nilikunywa Fanta."

Mzee wa mwisho kushoto alianza kucheka, akajizuia kwa kukohoa.

"Fanta si pombe," alisema Gervasi. "Shahidi ni mtu alikunywa."

"Mzee, mi niko Muislamu! Nazario alijua. Ndiyo maana alinitafutia Fanta ya sitro."

"Sisemi hukuwepo. Nasema hukunywa."

"Sasa wale walikunywa wako wapi? Wawili wako kaburini, mmoja iko Tanzania, na Urbano hapa hajui hata kama iliamuliwa shamba ao mbuzi!"

"Mbuzi haikuwepo," alisema Urbano kwa heshima.

Adriano aliinuka. Alikuwa amevaa koti na alizungumza taratibu, kama mtu aliyesoma shule za kambini. "Wazee wangu, mimi sina ugomvi na ndugu yangu Lucia. Lakini mambo haya yalifanyika nyuma ya mgongo wangu. Karatasi yangu ya kurejea nchini inasema Agosti 2009. Mwezi Februari nilikuwa Tanzania. Nani aliniuliza?"

Karatasi ilipitishwa mkono kwa mkono. Ilisema Agosti, na ilikuwa halali.

Kassimu alirudi kwenye daftari. Safari hii hakusoma mstari wa shamba, alisoma ule wa juu yake, polepole. "Tarehe saba Februari. Adriano. Koti. Kifua tisini na mbili. Mkono sitini na moja. Bega ya kuume imeshuka, mbili." Akainua macho. "Ulikuja kuangalia shamba, halafu ukarudi kambini kungojea zamu yako na watoto. Koti nilikushonea. Ndiyo hiyo umevaa."

"Makoti yako mengi duniani."

"Simama sawa."

Alimpima pale pale, mbele ya benchi, kutoka shingoni hadi ukingo wa bega, kisha kutoka kila bega hadi sakafuni. Adriano alisimama kwa sababu kukataa kungeonekana vibaya zaidi. Bega la kulia lilikuwa chini kwa sentimita mbili.

"Mbili," alisema Kassimu.

Gervasi alifikiri. "Hapa kila mtu anabeba mikungu kwa bega moja," alisema. "Ukitupima sisi wote, utakuta mbili."

Kassimu alifunga daftari, akalifungua, akalifunga tena. "Bon. Mnataka nini? Niende makaburini nilete wale walikunywa? Mara tatu nimetoka Muyinga! Mara tatu! Watoto wa watu wako shuleni na mikono wazi. Nilikaa pale toka mwanzo hadi mwisho, nikamaliza chupa yangu kama mashahidi wengine wote, na..."

"Hukuimaliza!" alisema Adriano. "Uliacha nusu, ukasema ina moto! Na mimi ndiye niliyeifuata kwa baiskeli mpaka sokoni!"

Lucia, chini ya ngazi, alitazama mpini wa baiskeli yake. Adriano aliketi.

"Nusu," alisema Gervasi. Akamgeukia karani. "Prosper, andika. Adriano alikuwepo. Shahidi alikunywa."

"Alikunywa nini?"

"Andika alikunywa."

Prosper aliandika. Kisha akasema kwamba hawezi kupiga muhuri bila vipimo vipya vya siku hiyo, na kwamba kamba ya ofisi imepelekwa Gitega. Wazee wote watano walitazama futi iliyoning'inia shingoni mwa Kassimu.

"Hapana," alisema Kassimu.

Saa nne kasorobo walikuwa shambani. Baiskeli ya Lucia haikuweza kuingia kwenye maharage, kwa hiyo alibaki njiani na daftari na penseli, akihesabu kwa sauti. Futi ilihitaji watu wawili. Urbano alisema mgongo wake hauinami. Prosper alikuwa amebeba muhuri. Kassimu alimtazama Adriano, akamnyooshea ncha ya sifuri, na Adriano akavua koti na kuipokea.

Walianza na upande mfupi. Kila futi moja, Kassimu alichomeka kijiti, Adriano akasogea hadi kwenye kijiti na kuchuchumaa.

"Ishirini na tano," aliita Lucia.

Kassimu alivuta futi hadi kwenye mti wa mpaka. Ilikaribia gamba, ikabaki nafasi ya vidole viwili tu. Alitazama nyuma. Adriano alikuwa bado ameishika ncha ya sifuri, imebanwa kwa kidole gumba kwenye udongo, hajaisogeza hata kidogo.

"Ishirini na sita," aliita Lucia, akaandika.