Dakika Nne za Chumba Kitupu

Mwelu hakuwahi kumiliki santuri hata moja. Alipigia watu muziki kwa kompyuta ya kupakata na kibao kidogo cha vitufe vinavyowaka, na ndani ya kompyuta hiyo nyimbo zilikuwa zimekatwa vipande vipande: mdundo kivyake, besi kivyake, sauti kivyake. Akibonyeza kitufe, kipande kinaanza. Akibonyeza kingine, cha pili kinaingia juu yake, nayo programu inavipanga viende mwendo mmoja. Katikati alitia sauti alizorekodi mwenyewe: nyundo za mafundi wa mabati, makanga wa Muthurwa wakiita abiria, mafuta yakichemka kwenye karai. Watu walicheza bila kujua kwamba wanachezea mitaa yao wenyewe.

Ng'ang'a, mzee aliyekodisha spika na aliyekuwa DJ tangu enzi za mashine mbili za santuri, hakukubali kwamba hiyo ni kazi. Alizoea kumwambia Mwelu kwamba anakaa pale nyuma ya kompyuta kama karani wa benki. Hata hivyo, kila shoo nzuri ilipotokea, wa kwanza kupigiwa simu alikuwa Mwelu.

Mwelu alizaliwa katika mtaa wa Chuma, nyuma ya Soko la Burma, safu za nyumba za mawe za chumba kimoja kimoja ambako jirani akipiga chafya unamsikia. Mama yake, Nthoki, aliishi chumba namba kumi na saba kwa miaka arobaini, na alifia humo. Aliyemuuguza ni Kanyiva, dada yake Mwelu. Siku mama alipokata roho Mwelu alikuwa Kisumu kwenye shoo, akafika kesho yake asubuhi. Tangu siku hiyo dada hao wawili waliongea mambo mengi, lakini si hilo.

Mwaka wa pili baada ya mazishi, wakazi walipewa notisi. Mtaa ungebomolewa kujengwa maghorofa. Kanyiva, aliyekuwa bado anaishi humo, alipata nyumba Kayole. Jumamosi ya mwisho, kitanda na kabati vilipokwisha kupakiwa kwenye mkokoteni, Mwelu aliweka kinasa sauti sakafuni katikati ya chumba, akafunga mlango, akasimama nje na dada yake. Alimweleza kwamba kila chumba kina ukimya wake, na kwamba angependa kuutandaza ukimya wa nyumba yao chini ya muziki siku ambayo wakazi wa zamani wangekutana. Kanyiva aliinua mabega. Walisimama kimya, isipokuwa mara moja Kanyiva aliposema jua ni kali. Mwelu alipoingia kuchukua kinasa sauti, kilikuwa kimenasa dakika nne na sekunde kumi na mbili.

Jumatatu tingatinga liliingia. Kufikia saa sita mchana namba kumi na saba ilikuwa kifusi.

Siku hiyo hiyo, kwenye chumba chake cha Donholm, Mwelu aliusikiliza ukimya ule kwa hedifoni. Alisikia nzi, gari la mbali, na sauti ya Kanyiva nje ya mlango ikisema jua ni kali. Zaidi ya hapo, mvumo tu. Aliupa jina, akauweka mwisho wa safu ya vipande vyake, akaendelea na kazi nyingine.

Jumanne alipoufungua tena ulikuwa na dakika sita na nusu.

Alidhani ameunganisha vipande viwili bila kujua. Akasogeza mpaka pale ulipokuwa ukiishia, akasikiliza. Mvumo ulikuwa ule ule, chumba kilikuwa kile kile. Kisha ndoo ikawekwa kwenye sakafu ya saruji, taratibu, na mtu akamimina maji.

Mwelu alivua hedifoni. Chumba chake kilikuwa na jua, na watoto wa ploti walikuwa wakiruka kamba uani. Aliichomoa kompyuta kwenye umeme, jambo lisilo na maana yoyote kwa sababu betri ilikuwa imejaa, akaenda kununua mkate.

Jumatano ulifika dakika kumi na moja. Baada ya maji kulikuwa na ufagio wa makuti, halafu jiko la mafuta ya taa likiwashwa, kiberiti cha kwanza kikikataa na cha pili kikishika. Mtu alivuta stuli. Akakohoa mara tatu, akashusha pumzi, akasema, "Mwiai," neno la Kikamba la kumwita Bwana, kwa uchovu, kama anayeketi baada ya kazi nyingi. Mwelu aliijua sauti hiyo kabla hata haijaisha.

Hakumwambia mtu siku nzima. Alhamisi alimpigia Kanyiva, naye Kanyiva alifunga kibanda chake cha nguo pale Muthurwa akaja bila kuuliza sana. Alikaa kitandani, akavalishwa hedifoni. Mwelu alimtazama uso na hakuona hofu. Dada yake alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani kwenye simu, na baada ya muda machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika.

"Anatembea," Kanyiva alisema. "Wewe hukumwona miezi ile ya mwisho. Nilikuwa namgeuza kwa shuka. Sasa sikia, anatembea mwenyewe."

Mwelu alisema afadhali wakifute kipande hicho. Kanyiva alimshika mkono akauondoa kwenye kompyuta, si kwa ukali, na akamwomba asiguse. Wakakubaliana nusu kwa nusu: Mwelu angekihamishia kwenye flashi Kanyiva aichukue, na katika kompyuta ya shoo kisiwemo. Alifanya hivyo mbele ya macho yake. Alihakikisha mara mbili kwamba pale mwisho wa safu pamebaki patupu.

Mkutano wa wakazi ulifanyika Jumapili alasiri katika ukumbi mmoja huko Makadara. Walikuja watu kama mia mbili, wengine wakiwa na sufuria za pilau na githeri, na mlangoni walikumbatiana kana kwamba wamepotezana miaka, ilhali walikuwa wamehama juma lililopita tu. Ruqiya, aliyekuwa jirani wa ukuta kwa ukuta na kina Mwelu, alikaa mbele karibu na Kanyiva. Alikuwa mjane. Mumewe, Aweys, alikuwa fundi cherehani.

Mwelu alianza polepole na nyimbo za gita za zamani, akazivunja, akazitia mdundo mpya. Wazee walisimama. Ng'ang'a, akiwa kando ya spika zake, alitikisa kichwa kwa kuridhika ambako asingekubali kukutamka. Saa nzima ilikwenda vizuri hivyo. Kisha kitufe cha mwisho cha kibao, kile ambacho hakikuwa na kitu, kikawaka kijani.

Alikibonyeza kukizima. Kikazimika, lakini mvumo ulikuwa umeshaingia chini ya muziki, na aliutambua mara moja. Alishusha sauti ya kipande kimoja baada ya kingine mpaka nyimbo zote zikanyamaza. Mvumo ukabaki peke yake. Ng'ang'a alimwendea akamwuliza kwa sauti ya chini ni nini hicho. Mwelu alipomwambia hajui, mzee huyo alichomoa waya uliotoka kwenye kompyuta kwenda kwenye mixa ya kuchanganya sauti, akabaki ameushika mkononi. Spika ziliendelea.

Watu walikuwa wameacha kucheza. Ndoo iliwekwa sakafuni, maji yakamiminwa, ufagio ukapita. Nyuma ya hayo, kwa mbali, kana kwamba kuta za mawe zingali zimesimama, kulikuwa na sauti nyingine ambazo Mwelu hakuwa amezisikia kwenye hedifoni: redio ya mtu, mtoto akikaririshwa hesabu, cherehani. Ruqiya aliposikia cherehani alijifunika mdomo kwa mtandio. Baadaye alieleza kwamba mashine ya Aweys ilikuwa na jino bovu, kila mshono wa saba iliruka, na kwamba aliihesabu pale na haikukosea hata mara moja. Mwanamume mmoja pembeni aliketi sakafuni na nguo zake nzuri.

Kikohozi kilikuja. Mara tatu. Halafu sauti ya Nthoki ikajaza ukumbi, tulivu, ya mtu anayeuliza huku mikono yake ina kazi.

"Kanyiva. Mwelu amefika?"

Mwelu alimtazama dada yake, na usoni mwa Kanyiva aliona jambo ambalo alifichwa kwa miaka miwili. Hayo ndiyo maneno ambayo mama yao aliuliza siku aliyokufa, na aliuliza tena na tena mpaka mwisho, na Kanyiva alikuwa ameamua kuubeba mzigo huo peke yake.

Sauti ikauliza tena, maneno yale yale, bila haraka. Kwenye meza palikuwa na maikrofoni ya mshereheshaji. Mwelu aliichukua.

"Nimefika, Mama," alisema. "Nilichelewa."

Ndani ya spika kazi ilisimama. Nyayo za ndala zilikuja karibu, karibu zaidi, na komeo la chuma likavutwa. Mlango ulifunguka kwa mkwaruzo ambao kila mtu wa safu ile aliujua.

"Mbona mmesimama nje kwenye jua? Ingieni."

Kanyiva alikuwa tayari ameinuka. Alitembea mpaka kwenye spika kubwa, akaweka kiganja chake juu ya wavu wake, na Mwelu akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kwa sababu dada yake alikuwa ameinua mguu kama mtu anayevuka kizingiti. Alimfikia akamshika kiuno. Maikrofoni ilikuwa baina yao.

"Nyumba imebomolewa, Mama," Kanyiva alisema. "Tumehama."

Cherehani ilinyamaza.

"Mmehamia wapi?"

Mwelu alimtikisia dada yake kichwa kumkataza. Kanyiva aliona, na akajibu hata hivyo: Kayole, nyuma ya kituo cha maji, ghorofa ya tatu, mlango wa bluu. Aliyasema polepole, jinsi unavyomwelekeza mgeni asipotee. Spika zikatoa mlio mfupi, zikawa spika tu.

Usiku huo Mwelu hakulala. Kesho yake aliiomba flashi, akakuta dakika nne na sekunde kumi na mbili, nzi, gari la mbali, jua ni kali. Haikuongezeka tena. Ng'ang'a aliwaambia watu kuwa waya zake zilikuwa na hitilafu, na hakumtania tena Mwelu kuhusu karani wa benki.

Kwa wiki tatu Mwelu hakukanyaga Kayole. Kwenye simu dada yake alisikika mzima, mchangamfu hata. Jumamosi moja mchana aliona aibu, akabeba unga na sukuma wiki, akaenda. Chini ya jengo alimkuta Shirleen, mpangaji wa ghorofa ya kwanza, akianika nguo. Walisalimiana. Mwelu aliuliza kama Kanyiva amerudi kutoka kazini.

"Bado," Shirleen alisema, "lakini panda tu. Mama yenu yuko."

Mwelu hakupanda. Aliweka mfuko chini, akachukua shuka kwenye beseni la Shirleen, akaanza kumsaidia kuanika. Waliongea habari za mvua na bei ya makaa. Nguo zilipoisha aliketi kwenye ngazi, na huko juu hakusikia kitu. Kanyiva alifika saa kumi. Alipomwona mdogo wake amekaa pale alielewa, akamshika mkono, wakapanda pamoja.

Nyumba ilikuwa tupu. Dirisha lilikuwa wazi na sakafu ilikuwa mbichi, imepigwa deki muda si mrefu. Kanyiva alivua viatu mlangoni ili asiichafue, akapika ugali, akapakua sahani tatu. Mwelu alikula mgongo wake ukiwa ukutani. Alikula mpaka sahani ikaisha. Kisha alimwuliza dada yake amweleze miezi ile ya mwisho, yote, tangu mwanzo, naye Kanyiva akafunga dirisha, akaketi karibu, akaanza kumweleza.