Picha ya Mfano

Babalwa alipobonyeza kitufe cha Chapisha alijipigia makofi. Naam, jamani, alijipigia makofi mwenyewe mbele ya kompyuta ya maktaba walimosomea, mpaka Mwalimu Ferial akaacha alichokuwa akiandika ubaoni.

"Vipi, umeposwa?"

"Ukurasa umekaa vizuri, Mwalimu! Nimemwambia mwenyekiti, Tata Gcobani, aufungue kwenye simu yake, anipe maoni."

"Ataufunguaje na bado ni rasimu? Rasimu unaiona wewe peke yako."

"Nimeuchapisha kidogo tu. Akishauona, naurudisha."

Kuchapisha kidogo! Hakuna kuchapisha kidogo kama vile hakuna kufa kidogo, na hilo walikuwa wamefundishwa wiki ya kwanza kabisa. Lakini Babalwa alikuwa na kichwa chepesi na mikono ya haraka. Akishajua jambo nusu, nusu ya pili aliijaza kwa majigambo.

Darasa lao lilikuwa la vijana wa Lindelani, mtaa wa mabati huko Khayelitsha, na kazi yao ya kuhitimu ilikuwa kuutengenezea mtaa tovuti: maji yakikatika, siku za kliniki, matangazo ya misiba. Babalwa ndiye aliyeshika maudhui. Ndiye pia aliyeiunganisha tovuti na kundi la WhatsApp la mtaa, ili kila ukurasa mpya ukitoka, picha yake na kichwa chake cha habari vijitume vyenyewe kwenye simu za watu wote. Alilisimulia hilo nyumbani mpaka mama yake akamwambia anyamaze, watu wale.

Sasa, usiku uliotangulia, majambazi walikuwa wamemchoma visu Mama Noluvuyo, muuza miguu ya kuku, mlangoni pake, kwa ajili ya simu. Alikufa kabla majirani hawajamfikia. Asubuhi Tata Gcobani, mwenyekiti wa kamati ya mtaa na "tata", yaani baba, wa kila mtu, alimpigia Babalwa huku sauti inamtetemeka kwa hasira.

"Binti, ule ukurasa wa wanaotafutwa uko wapi? Tukipata sura ya mmoja wa hao mbwa nataka kila mtu aione siku hiyohiyo!"

"Uko tayari, Tata. Bado sura tu."

Na kweli ulikuwa tayari, maana aliutengeneza siku nyingi nyuma kwa mfano. Ukitengeneza ukurasa unahitaji picha ya kushikilia nafasi, upate kujua itakaaje. Aliyokuwa nayo yenye kipimo kizuri ni ya kaka yake, Khangelani, aliyopiga kwa ajili ya kuomba kazi. Tena alimwomba ruhusa, wakiwa mezani wanakula mahindi na maharage.

"Niweke tu," Khangelani alisema, akicheka na mdomo umejaa. "Si mnasema nina sura ya mwizi? Lakini andika na namba yangu, wasichana wanipigie."

Chini ya picha akaandika "Jina la Mtu Hapa". Chini zaidi, kwa herufi ndogo za kijivu kilichopauka, kwa sababu aliona kijivu kinapendeza, akaandika: "Huu ni mfano tu."

Mwalimu Ferial alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: wewe si mtumiaji. Ya pili: watu hawasomi, wanatazama. Kwa hiyo kila ukurasa ulipaswa kujaribiwa na mtu wa nje, na aliyeutengeneza akae pembeni, mikono yake ameikalia chini ya mapaja, mdomo umefungwa. Mtu akipotea, mwache apotee. Akilaani, mwache alaani. Hapo ndipo utajua umekosea wapi.

Babalwa aliujaribu ukurasa ule kwa MaDlomo, mama wa makamo anayeuza maandazi karibu na bomba la maji. Alikaa juu ya mikono yake kwa muda wa kumeza mate. MaDlomo alipoitazama skrini na kusema, "Maskini, kijana mzuri hivi kaua nani?", Babalwa aliruka. "Hapana, Mama, soma hapa chini! Hapa!" Akamshika kidole, akakipeleka kwenye kile kijivu.

"Aa," alisema MaDlomo. "Sikupaona."

Na Babalwa akaandika kwenye ripoti yake kwamba mtumiaji ameelewa vizuri.

Filimbi ya kwanza ililia Mwalimu akiwa bado anamgombeza kwa kule kuchapisha kidogo. Lindelani kila nyumba ina filimbi nyuma ya mlango. Ikilia moja, zinajibu zote, na kila mwenye miguu anatoka na alichokishika. Simu zikaanza kutetemeka juu ya meza za darasa, moja baada ya nyingine. Babalwa akaitazama yake.

Kaka yake alikuwa anamtazama kutoka kwenye kundi la mtaa. Juu ya kichwa chake maandishi mekundu: ANATAFUTWA KWA MAUAJI. Kijivu hakikuwepo. WhatsApp ilikuwa imechukua picha na kichwa cha habari, mengine imeyaacha hukohuko. Na chini yake watu walishaanza kuandika.

"Huyu namjua!! Yuko pale pancha juu barabarani."

"Yule mgeni? Nilisema mimi!"

"Leteni petroli."

"Mungu wangu," Babalwa alisema. "Mungu wangu, Mwalimu, ni Khangelani."

"Futa! Futa ukurasa!"

Akafuta. Ukurasa ukafutika, lakini ujumbe kwenye simu za watu haukwenda popote. Maji yakishamwagika hayazoleki. Akaandika kwenye kundi, "NI MAKOSA, SI YEYE", na maneno yake yakamezwa hapohapo na mengine yaliyokuwa yanaporomoka. Basi akakimbia.

Khangelani alikuwa ametoka kijijini Centane baada ya Pasaka. Upande wa chini, kwao, walimjua, lakini upande wa juu alikuwa kijana wa pancha tu, asiye na jina. Walimkuta ameinama anapaka gundi kwenye tyubu. Wa kwanza alimpiga na spana yake mwenyewe, nyuma ya sikio.

Babalwa alipofika, kaka yake alikuwa chini na hakuweza kumwona, maana watu walikuwa ukuta. Alisikia tu. Alisikia kiboko kikitua, na sauti ya Khangelani ikitaja ukoo wake, ikiutaja na kuutaja tena, "Mimi ni Gatyeni! Mimi ni mtoto wa akina Gatyeni, jamani!", ili kama kuna ndugu wa ukoo pale asimame. Hakusimama mtu. Mwanamke mmoja aliyemjua Mama Noluvuyo alikuwa anampiga kwa kiatu mdomoni kila anapoutaja, na huku analia.

"Mlipomchoma visu yule mama, aliwatajia ukoo wake?"

"Si yeye!" Babalwa alipiga kelele. "Ni mfano! Picha ya mfano!"

"Mfano gani? Toka hapa!"

Akajipenyeza chini ya mikono. Akauona uso. Jicho la kushoto halikuwepo tena mahali pa jicho, palikuwa na kitu kilichovimba chenye matope na damu. Kijana mmoja alimkanyaga vidole vya mkono wa kulia, akakigeuza kisigino, na vidole vikalia. Wengine walikuwa wamemvisha tairi, moja ya yale yaliyokuwa yanasubiri kuzibwa, nalo likambana mikono kifuani. Na Tata Gcobani, mwenyekiti, mtu wa suti ya Jumapili, alikuwa amesimama na dumu mkononi, petroli inamchuruzikia kwenye viatu.

"Tata, ni kaka yangu! Mimi ndiye niliyemweka!"

Gcobani alimtazama bila kumwona. Macho yake yalikuwa kwa mtu aliye chini. "Kaka yako ni muuaji, binti. Umefanya vyema kumtoa."

Hapo ndipo Babalwa alipoelewa kwamba angeweza kupiga kelele mpaka koo lipasuke. Hawakuwa wanasikia. Walikuwa wameona sura, na sura ikishaonekana neno halifui dafu. Nusu yao walikuwa wameinua simu wanarekodi. Wanatazama, alijiambia. Wanatazama tu, pumbavu wewe, uliambiwa.

Alipiga magoti kati ya miguu ya watu. Mtu alimkanyaga mgongoni. Akaifungua tovuti kwa kidole kinachoteleza jasho, ukurasa mpya, kichwa kilekile, maandishi yaleyale. Picha? Hakuwa na picha nyingine ya kuweka ambayo angethubutu kuiweka. Akajigeuzia simu, akajipiga picha vilevile alivyo, mdomo wazi na kamasi usoni. Akaiweka. Petroli ilianza kumwagika, alisikia harufu yake na alimsikia Khangelani akikohoa.

Chapisha.

Simu zikalia juu ya vichwa vya watu. Ujumbe ukashuka juu ya video zao, kila mmoja mkononi mwake: ANATAFUTWA KWA MAUAJI, na sura ya msichana. Mikono ikasita. Kijana wa kiboko akaitazama simu yake, akatazama chini, akaitazama tena.

"Wee! Ni huyu hapa! Ni huyu dada!"

Babalwa akasimama wima, makusudi, wamwone vizuri. Tofali la kwanza lilimpata tayani. Akasikia meno yakiachia, akameza moja. Kiboko kikamzunguka shingo, akaanguka juu ya tairi, juu ya kaka yake, na hapo akang'ang'ania. Wakampiga mgongoni, wakampiga mbavuni, mtu akamvuta nywele na zikabaki mkononi mwake. Petroli ilimwingia kwenye kidonda cha mdomo, ikamchoma.

"Washeni wote wawili!"

"Ngojeni! Ngojeni, washenzi nyie!"

Alikuwa MaDlomo, filimbi shingoni, na unga wa maandazi mpaka kwenye viwiko. Aliupasua umati kwa makalio yake, yaliyokuwa makubwa na hayakuomba radhi.

"Huyu mtoto namjua mimi. Huyu ndiye anayetengeneza hizi picha! Alinishika kidole changu hiki akanionyesha. Gcobani, weka hilo dumu chini. Muuaji alikuwa mvulana, sasa ni msichana? Kesho atakuwa nani, mimi? Wewe?"

"MaDlomo, usiingilie..."

"Fungua! Usitazame picha, fungua ndani. Nisomee jina la muuaji. Si una miwani? Soma!"

Gcobani akafungua. Alikuwa mzito wa simu, watu wakamngoja, na kijana mmoja hakungoja, alimpiga teke Khangelani tumboni mara nyingine. Mwenyekiti akasoma kwa sauti, kama anavyosoma matangazo ya msiba.

"Jina la Mtu Hapa."

"Eti nani?"

"Imeandikwa hivyo. Jina la Mtu Hapa." Akaisogeza simu karibu na macho. "Na chini... kuna kitu cha kijivu. Huu ni mfano tu."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa Lindelani kuyasoma maneno yale bila kushikwa kidole. Dumu likamponyoka. Watu wakaanza kuondoka, si kwa kukimbia, kila mmoja akijifanya ana shughuli nyumbani, na aliyekuwa na kiboko akakificha ndani ya koti. Hakuna aliyesema pole. Yule mwanamke wa kiatu alibaki amekaa chini, kiatu mapajani.

Magari ya wagonjwa hayaingii kule bila polisi, na polisi hawakuja. Ilibidi Gcobani mwenyewe awapakie kwenye pikapu yake, Khangelani amelala kwenye turubai, Babalwa ameshikilia kichwa chake. Njia nzima mwenyekiti aliendesha akisema, "Lakini picha ilikuwa yake. Picha ilikuwa yake." Taya la Babalwa lilikuwa limevunjika. Aliyempa ile picha ni yeye.

Khangelani aliishi. Jicho la kushoto lilitolewa, na vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji tena, kwa hiyo pancha basi. Alirudi nyumbani. Akitaka chumvi alimwomba mama, hata ikiwa iko mbele ya Babalwa.

Ukurasa wa wanaotafutwa ulitupwa. Kijivu chote Babalwa alikigeuza kuwa cheusi. Siku moja alikuwa uani anautazama ukurasa wa kliniki, anajua unahitaji kujaribiwa, na anaona aibu kumwendea mtu. Khangelani akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Lete."

"Kaka, si lazima..."

"Sijakusamehe. Usije ukadhani. Lete simu."

Akampa. "Tafuta siku ya kliniki ya macho," alisema Babalwa.

"Na wewe kalia mikono yako. Nilisikia mnavyofanya."

Akaikalia. Khangelani aliinamisha kichwa ili jicho moja lifike upande wa pili wa skrini. Kidole gumba kilipanda, kikashuka, kikapita juu ya kile alichokitafuta, kikapita tena. Jasho lilimtoka kwenye kovu. Jibu lilikuwa palepale, kushoto, upande asiouona, na mikono ya Babalwa ilimwasha chini ya mapaja kama imetiwa pilipili.

"Siioni," alisema Khangelani. "Babalwa, siioni."

Machozi yalimshuka Babalwa mpaka kwenye nyaya zilizofunga taya lake. Hakuinuka, wala hakumshika kidole.

"Endelea kutafuta, kaka," alisema. "Niko hapa natazama."