Dada Aliyerudia Darasa

Siku hiyo nilikuwa nimechoka hoi. Tangu asubuhi nashona sketi za shule, na miguu ilikuwa imevimba hadi viatu nimevivua na kuvisukuma chini ya cherehani. Saa kumi jioni mdogo wangu akaingia na bahasha kubwa kwapani, uso umemshuka. Nikajua ametoka kwenye mkutano. Watu wanne wanaongea kwa pamoja, yeye anakimbiza midomo yao kwa macho, anarudi kachoka kuliko aliyebeba saruji kutwa.

Huyu ndiye Chiriku. Jina lake halisi liko kwenye majalada ya vitabu, lakini nyumbani ni Chiriku, kwa sababu akianza kuongea hamalizi. Kuongea kwake ni rahisi, kusikiliza ndiyo kazi. Anaandika hadithi za watoto na kuzichora mwenyewe. Homa ilimchukulia masikio akiwa na miaka minane, moja lote na jingine sehemu kubwa, na leo anavaa kifaa ambacho, kwa maneno yake, kinamletea kelele nyingi na maneno machache.

Kila kitabu chake, kabla hakijapigwa chapa, lazima nimsomee. Si kwamba mimi ni msomi. Anataka ayaone maneno yakipita mdomoni mwangu, maana ndio mdomo aliojifunzia. Tunakaa ana kwa ana, magoti yanagusana, na nikijikwaa mahali anapiga mstari kwa penseli: sentensi hiyo mbovu. Ofisini kwao wanamcheka. Wacheke tu, vitabu vyake vinasomeka.

Akaniambia hiki ndicho kile cha utoto wake, amekaa nacho miaka minne, na kesho asubuhi kinakwenda mtamboni. Nikazima pasi, nikafuta mikono, nikaketi.

Kurasa za mwanzo zilinipendeza, sitasema uongo. Mtoto amelala kitandani, na maneno ya watu ameyachora kama nguo zilizofuliwa hadi zikapauka. Mama yetu yumo, Mungu amrehemu, na kitambaa chake kichwani. Bila shaka kila mwamba ngoma huvutia kwake: huyo mtoto wa kitabuni ni mpole, hajawahi kuniuma mkono wala kunivunjia penseli. Nikamwachia hilo.

Nikafika ukurasa wa kumi na moja. Wasichana wawili, dawati moja, mkubwa amemgeukia mdogo. Amenichora hadi pengo la meno. Chini pameandikwa: "Bahati yangu nzuri, dada alifeli. Akarudia darasa la nne, tukakaa dawati moja, akawa masikio yangu."

Sikufeli. Niseme mapema ili tuelewane. Nilifaulu, na daftari la darasa la tano nilikuwa nimeshalifunika gazeti. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mama alikwenda kumwomba mwalimu mkuu anirudishe la nne, nikae na mdogo wangu, nimwambie upya kila anachosema mwalimu. Mwalimu mkuu akakubali. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mama akanikalisha jikoni akanikataza kusema, maana mdogo wako akijua atajiona mzigo, ataacha shule. Basi watu wakaambiwa nimefeli, na mtaa mzima ukaniita Karudia. Hadi leo yuko muuza mboga mmoja ananiita hivyo. Na binti yangu, ambaye sasa yuko darasa la nne, akipata alama mbaya huniambia, "Si nimekufuata wewe, mama?" Nacheka. Nifanyeje?

Miaka thelathini nimelimeza. Lakini maneno ya mtaani yanapita, kitabu kinabaki. Kitaingia shuleni kwa binti yangu, mwalimu atakisoma mbele ya darasa, na watoto watacheka palepale palipoandikwa wacheke. Nikisema, namharibia Chiriku kazi ya miaka minne na kumtwika mzigo uleule mama aliouogopa. Nikinyamaza, ujinga wangu umeandikwa na kupigwa chapa.

Nikaamua kunyamaza, nimezoea. Nikaisoma sentensi.

Chiriku akainua penseli, akaniomba nirudie hapo. Nikarudia. Akapiga mstari, akasema labda ni ndefu, akakata neno. Nikasoma tena. Akakata jingine. Mara ya nne midomo ikagoma, ikaanza kutetemeka, na hasira zikanipanda. Mtu yeyote mwenye masikio yake mazima ningemdanganya, lakini si huyu.

"Sentensi haina ubaya," akasema taratibu. "Ni wewe. Mbona unaisema kama uongo?"

Nikamwinulia uso ili aone vizuri. "Kwa sababu ni uongo. Sikufeli. Mama alikwenda kuomba nirudishwe, nikae na wewe."

Akataka niseme tena, na safari hii haikuwa kwa ajili ya kitabu. Nikasema tena. Nilitegemea alie, au anikumbatie tuyamalize kidada. Wapi! Alikasirika. Akaniuliza kwa nini nimemwacha miaka yote hiyo ananionea huruma, anamshukuru Mungu kwa kufeli kwangu, hadi amenichora na kunipaka rangi. Sauti ikapanda, maana akikasirika hajui imefika wapi, na fundi viatu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Nikamwambia ni mama aliyenikataza. Akasema mama ana miaka sita kaburini. Kweli, ningeweza kusema siku yoyote. Labda siri ile ndiyo ilikuwa cheo changu pekee, na sikutaka kuivua.

"Ungejua," nikamuuliza, "ungekubali nikae?"

Akaitazama picha ya dawati. "Hapana. Ningeacha shule."

Kumbe mama alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyelipia usahihi wake. Iliniuma, na niliona inamuuma na yeye.

Kisha akauvuta ukurasa, akaifuta sentensi yote, akaandika mpya kwa mkono, akanigeuzia. "Dada alifaulu. Akabaki darasa la nne kwa ajili yangu."

Nikaisoma kwa sauti mara moja, bila kujikwaa. Ningeweza kuishia hapo nikaonekana mtu mwema. Lakini miaka thelathini ni mingi.

"Weka na namba," nikamwambia. "Nilikuwa wa tatu."

Akaweka.