Kioo Kilikwenda kwa Fundi, Barua Ikabaki Nyumbani

Barua ilitakiwa ifike zahanati kabla ya saa sita mchana. Walikuwa wanatafuta karani wa mapokezi anayejua kompyuta, na mimi, baada ya miezi saba ya madarasa ya jioni, nilikuwa najua. Au ndivyo nilivyojiambia asubuhi hiyo nikiandika kwenye kompyuta kuukuu aliyotuachia shemeji, mwanangu Kibonge akinivuta sketi.

Nilikuwa kwenye sentensi ya mwisho kioo kilipozima. Giza tupu. Kibonge naye akachagua dakika hiyohiyo kujichafua, nikampeleka kuoga.

Niliporudi, meza ilikuwa imepungua. Kibodi ipo, kipanya kipo, boksi jeusi lipo pale chini. Kioo hakipo, na mama mkwe wangu hayupo. Nikampigia simu.

"Mama, uko wapi?"

"Kwa fundi, mkwe wangu. Nimekuletea kompyuta yako huku. Nimeifunga kwenye shuka la mtoto, haikupata hata vumbi."

"Mama, umebeba kioo."

"Nimebeba kompyuta. Si ndiyo uliyokuwa unaitazama?"

Niliinama. Boksi lilikuwa bado linavuma, taa yake ya kijani inawaka. Hapo nikakumbuka: sikuwa nimehifadhi barua. Barua isiyohifadhiwa hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, na hiyo ikikosa umeme husahau kila kitu. Diski ndiyo isiyosahau. Mama angebeba boksi, barua ingepotea pale pale alipochomoa waya. Kwa kubeba kioo, ambacho kazi yake ni kuonyesha tu, alikuwa ameiacha hai.

Ila umeme wa mtaa wetu hukatwa saa nne, na ilikuwa saa nne kasoro dakika sita. Kwa fundi ni mwendo wa robo saa.

Ikabidi nihifadhi bila kuona. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa na mtindo wa kutufunika mikono kwa kitambaa ili tuache kuchungulia herufi. Tulimnung'unikia sana, Mungu ambariki. Nikampa Kibonge sufuria na mwiko, nikabonyeza Control pamoja na S. Nikangoja. Nikaandika "barua", nikagonga Enter. Hakuna kilichoniambia ndiyo wala hapana. Boksi lilikoroma kidogo, kama mtu anayemeza tonge, likatulia.

Umeme ukakatika.

Nilimfunga Kibonge mgongoni, nikalikumbatia boksi hadi kwa fundi, mwenye jenereta. Alikuwa amechomeka kioo chetu kwenye mashine yake, na Mama alikuwa amemkazia macho.

"Huyu bwana," akaniambia, "ameitoa barua yako, akaweka watu wanaokata keki."

"Hiyo ni harusi ya dada yangu, Mama," fundi akasema. "Kioo chenu ni kizima. Waya tu ulikuwa umelegea."

"Kwa hiyo nimembeba mgonjwa asiyeumwa."

"Kioo ni kama dirisha, Mama," nikamwambia. "Ukibeba dirisha, vyombo vinabaki chumbani."

Akalitazama boksi. "Na hili ndilo chumba? Mimi tangu mwezi jana napumzishia miguu hapo."

Fundi akachomeka waya, akawasha. Kibonge peke yake ndiye aliyekuwa anapumua kwa raha. Kisha faili likajitokeza: barua. Nikalifungua. Kila neno lilikuwepo, hadi pale barua ilipokatikia: "Pamoja na hayo, ninaweza".

Nikaweka vidole kwenye kibodi ya fundi, nikamalizia: "kuendelea na kazi hata mambo yanapoharibika". Safari hii nilihifadhi kabla hata ya kuweka nukta.

Printa ikatoa karatasi, bado ina joto. Mama akaishika kwa ncha za vidole.

"Hii je, niibebe?"

"Hiyo ndiyo yenyewe, Mama. Twende."

Ilikuwa saa tano na robo. Alitembea mbele, haraka kuliko mimi, akiwaambia watu wote njiani wapishe.