Folda ya Bili za Maji

"Inazunguka tu," mdogo mtu alisema, akibofya kipanya. "Picha moja, dada, nahesabu mpaka arobaini ndiyo inafunguka."

Dada mtu alisimama nyuma ya kiti, mikono kifuani, akiitazama shingo ya mdogo wake badala ya skrini. Wateja walimwita Mama Pozi, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyepigwa picha katika studio ile bila kurekebishwa kidevu mara tatu. Saa kumi bibi harusi angekuja kuchagua picha za albamu, na programu ya kupangia picha ilikuwa inajikokota kama mtu anayeitwa kuosha vyombo.

Kwa Mama Pozi jambo lilikuwa wazi. Uzito ule wa mashine ulianza mwezi ule ule mdogo wake alipoachika akaja kuomba kazi. Huyo huyo asiyeishiwa na simu za kunong'ona nje ya mlango. Bila shaka alikuwa anahamisha picha kidogo kidogo, afungue studio yake mtaa wa pili na kumwachia dada kuta tupu. Kikulacho ki nguoni mwako. Leo fundi angethibitisha, na kabla ya kufunga mdogo mtu angerudi alikotoka, damu moja au si damu moja.

Fundi wa kompyuta aliingia akihema, miwani ikining'inia kwenye kamba.

"Pekua kila kona, fundi," Mama Pozi alimwambia. "Usimwonee mtu haya. Kama kuna mkono wa mtu humu, utaje."

"Mkono wa nani tena, mama?"

"Mwenye nao anajijua."

Fundi alitafuta virusi, hakuna. Alipima kumbukumbu ya mashine, nzima. Akavuta kiti karibu zaidi. "Tangu mfungue studio, mmepiga picha ngapi?"

"Elfu nane," mdogo mtu alisema. "Hazizidi."

"Programu ina laki tatu na ushei. Inazisoma kutwa, kila moja inaitengenezea kijipicha. Haijamaliza za jana, zinaingia za leo. Hata ningekuwa mimi ningegoma."

Mama Pozi aliona furaha mbaya ikimpanda kifuani. "Si nilisema! Zimefichwa wapi?"

"Kwenye folda moja. Inaitwa Bili za Maji."

Folda hiyo ilikuwa ya Mama Pozi mwenyewe. Kila jioni, akishamuaga mdogo wake, alinakili picha zote za studio na kuzitia humo, fungu jipya lenye tarehe yake, ili mdogo mtu akichomoa hata moja ajue ni ipi na lini. Jina alilichagua kwa makini, maana hakuna binadamu anayefungua bili za maji kwa hiari yake. Hakujua kwamba programu haina habari na majina. Ikinusa picha, inaingia.

"Hizo ni akiba," alisema. "Za dharura."

"Akiba mara arobaini, mama? Nakala moja inatosha, tena kwenye diski ya pembeni."

Mdogo mtu alikuwa ameshainamia skrini, akishuka na tarehe moja moja, midomo ikicheza bila sauti. Akasimama penye pengo la siku saba.

"Juma lile nililala na homa," alisema polepole. "Hukuweka akiba, dada. Nilipopona ukaanza tena."

Fundi alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Nifute?"

"Futa," Mama Pozi alisema.

Programu ikawa nyepesi. Picha zilifunguka kabla kidole hakijainuka. Bibi harusi alikuja, akachagua, akajicheka, akaondoka ameridhika. Mdogo mtu alimhudumia kwa bashasha zote. Mama Pozi alizunguka nyuma ya mapazia akipanga viti vilivyokwisha kupangwa. Aliona haya hadi masikio yakamchoma. Alitaka kusema nisamehe, kilichotoka ni, "Nikuletee chai?"

"Hapana, dada. Asante."

Wakati wa kufunga, mdogo mtu hakwenda mlangoni. Aliweka mkoba wake juu ya kaunta akatoa vitu kimoja kimoja: kitana, funguo, leso, simu, nusu biskuti ndani ya karatasi yake. Akaugeuza mkoba juu chini, akaukung'uta mpaka zikadondoka chenga.

"Kagua, dada," alisema, akasogea kando kumpisha.